Posa ya Mtu wa Buyenzi

Mama alimkataa siku ileile ya kwanza.

Alifika nyumbani kwetu Kanyenye, Tabora mjini, adhuhuri, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akainama kutoa shikamoo kwa sauti ya mtu aliyelelewa. Mama aliitikia marahaba na kummiminia maji ya kunawa. Tulikula wali kwa nyama ya mbuzi, tukanywa chai. Katikati ya chai simu yake ililia, akatoka uani kuongea, akarudi, akakaa kidogo, akaaga. Alipokwisha kuondoka mama alirudi kwenye cherehani yake na kuniambia bila kuinua macho, "Huyu mtu ana mke."

Nilimuuliza amejuaje. Alisema anajua tu, akaendelea kushona.

Sikushtuka sana. Mama ni fundi cherehani, na tangu baba afariki ametulea mimi na kaka yangu kwa kushona kanzu na sare za shule. Mtaani wanamjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na ukimwambia leo ni Jumatatu atatoka nje kumuuliza jirani. Muuza maziwa akimsalimia kwa furaha kuliko kawaida, mama hunusa maziwa mara mbili. Kwa hiyo nilihesabu kwamba mchumba wangu naye amepita kwenye chekecheke lilelile, na kwamba muda utamsafisha.

Wakati huo nilikuwa nauza duka la dawa Igunga, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Mwanza. Malori ya masafa marefu hupumzika pale, na madereva huja kununua dawa za kichwa, za kiuno, za tumbo lililovurugwa na chakula cha njiani. Yeye alikuja na homa. Aliposema "niko na homa, dada, tena siyo muzuri," nilidhani ni mtu wa Kigoma. Nilimpima, nikampa dawa na kumwambia asiendeshe siku hiyo. Aliporudi kutoka Dar es Salaam safari iliyofuata alipita kushukuru, na tangu hapo hakuna safari aliyopita Igunga bila kusimama.

Ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Hilo nalo lilikuwa tatizo. Watu waliniuliza: Mrundi gani huyu anayeongea Kiswahili tangu utotoni, anayeswali, anayejua kula kwa mkono kama sisi? Kwao, Mrundi ni mkulima Mkatoliki wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu anayelima tumbaku na kuongea taratibu. Huyu hakufanana na Mrundi wanayemjua, basi lazima anaficha kitu. Nilieleza mpaka nikachoka kwamba Buyenzi ni mtaa wa Waislamu na wa Waswahili, kwamba wazee wake walifika kule kwa miguu wakifuata biashara, wakipitia hapahapa Tabora na Ujiji. Shangazi yangu, dada yake baba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa hata wale waliopita hapa na mizigo kichwani walikuwa na mke Tabora na mke Ujiji, na kila mmoja aliambiwa ni yeye peke yake.

Nilicheka. Lakini nilipobaki peke yangu dukani nilijikuta nayatazama malori yaliyoegeshwa na kujiuliza kila moja linalala wapi.

Alipotuma posa, kwetu walisema hawakatai wala hawakubali, wataangalia. Tukaanza shughuli za makaratasi. Tuliambiwa ndoa ya raia na mgeni haifungwi kwa maneno. Walitaka pasipoti yake, vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na cheti kutoka kwao kinachosema kwamba hana mke. Baada ya ndoa ndipo tungeomba kibali cha yeye kuishi nchini. Yeye alikwenda komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa kule kwao, akarudi na cheti chenye mihuri miwili na maandishi ya Kifaransa ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma.

Nilimpelekea padri mmoja mstaafu aliyesoma Kifaransa ujanani, maana Tabora nzima sikujua mwingine. Aliweka miwani, akakisoma polepole, akanitafsiria: mtu huyu, mwana wa fulani na fulani, kwa mujibu wa rejista za komine, hajaoa. Padri alirudia maneno yale, "kwa mujibu wa rejista." Nikadhani ni uangalifu wa mtafsiri. Akaniandikia tafsiri kwa mkono wake, nikaipeleka kupigwa chapa na kuthibitishwa kwa wakili.

Nilimsomea mama. Alisema, "Karatasi imeandikwa na mtu, na huyo mtu hatumjui."

Kila mchumba wangu alipokuja, mama alikuwa na mazoea mapya yaliyoniudhi. Simu ya mgeni ikilia na yeye akitoka uani kuongea Kirundi, cherehani ya mama ilinyamaza. Mguu wake ulikuwa unaachia kanyagio, anakaa, sindano imesimama kwenye kitambaa. Simu ikikatika, anaendelea. Nilidhani anakereka na lugha asiyoielewa ikiongewa nyumbani kwake. Nikamwomba mchumba wangu awe anapokea simu zake barabarani. Alinitazama kwa mshangao kidogo, akakubali.

Kisha nikapigiwa simu na ofisi ya uhamiaji. Tulitakiwa kufika sote wawili, na vyeti vyetu.

Tulipokelewa na dada wa rika langu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Alisema kuna mtu ameleta maneno kwamba ndoa yetu ni ya kutafutia kibali, na kwamba huyu bwana kwao ana mke. "Hatusemi ni kweli," aliniambia. "Lakini maneno yakiletwa, lazima tuyafuate." Nilimuuliza ameyaleta nani. Akasema hilo halimo katika yale anayoweza kunijibu.

Walituweka vyumba viwili. Mimi nilibaki na yule dada. Mchumba wangu alichukuliwa na mwenzake. Niliulizwa tulikutana wapi, ndugu zake wangapi, nani katika ndugu zake anaishi nje, hapendi chakula gani, anaswali msikiti gani akiwa Igunga, babake alifanya kazi gani. Nilijibu vizuri, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyojiona hodari. Halafu akauliza, kwa sauti ileile, "Amewahi kuoa?"

"Hapana," nikasema.

Aliandika. Baada ya muda mwenzake aliingia na karatasi zake, wakazilaza pamoja mezani, na yule dada akazifuata kwa kalamu mstari kwa mstari. Mahali pamoja kalamu ilisimama. Alinitazama, na sikuona ushindi usoni mwake; niliona aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

"Mwenzako amesema amewahi," aliniambia.

Tulikaa nje kwenye benchi, mimi upande huu, yeye upande ule, katikati mkoba wangu. Alieleza bila kuulizwa. Alioa akiwa kijana, ndoa ya msikitini, kwa binti wa jirani. Haikuandikishwa komine, kama ndoa nyingi za mtaani kwao, kwa hiyo cheti hakikusema uongo. Waliachana kwa talaka, mbele ya wazee. Alitaka kuniambia.

"Lini?" nilimuuliza.

Alikiinamia cheti chake, akakikunja upya.

Kuna jambo hutokea kwa mtu aliyedanganywa, au ambaye hakuambiwa tu, ambalo sikulijua kabla. Kila nilichokipenda kwake kiligeuka ushahidi. Lile shati la siku ya kwanza: nani alilipiga pasi? Ule upole wake wa kungoja mpaka nimalize kusema: ni heshima, au ni mtu anayepima maneno yake? Nilikumbuka alivyokubali haraka kupokea simu barabarani, nikaona upumbavu wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtoa uani.

Na sikuwa na yeye peke yake wa kumshuku. Mtu alikuwa amepeleka maneno. Nilianza kuwapitia watu mmoja mmoja. Kaka yangu alikuwa na rafiki mwenye ghala la mpunga Igunga aliyekuwa akiuliza habari zangu. Kaka aliwahi kusema kwamba mwanamke mwenye akili haendi kutafuta mume barabarani. Mwenye nyumba ya duka alijua yote, maana tulikuwa tunaongea kibarazani kwake. Mwenyekiti wa mtaa alipoandika barua yetu alikuwa amenyamaza mno. Hata padri nilimfikiria, mzee wa watu. Nilikuwa dukani nampa mfugaji wa kijiji cha Choma dawa ya minyoo, huku nawaza ni nani kati ya wanaonisalimia asubuhi anayetembea na jina langu mdomoni.

Lakini nikijipinda vipi, njia ilirudi kwa mama. Yeye ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba mtu huyu ana mke, maneno yaleyale yaliyofika ofisini. Jumapili nilipanda basi kutoka Igunga, nikamkuta anakata kitambaa sakafuni.

"Mama, ni wewe uliyekwenda kusema?"

Aliacha mkasi. "Mimi," alisema, "niingie ofisi ile kwa miguu yangu mwenyewe?"

Kisha akaushika mkasi tena. Niliona amekwepa swali. Niliondoka bila kula, na mpaka nafika stendi nilikuwa nimeamua kwamba ni yeye.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeitisha kikao. Alisema kijana hajakataliwa wala hajakubaliwa, na mtu hahukumiwi akiwa hayupo. Tulikaa sebuleni kwetu: mjomba, shangazi, kaka yangu, mama, mimi, na yeye kwenye kiti kilichowekwa karibu na mlango. Alieleza tena yale aliyonieleza kwenye benchi, safari hii kwa utaratibu, akiomba radhi kila alipofika mahali pagumu. Alisema ndoa ile ilikwisha kwa wema. Mwanamke yuko kwao. Mjomba alimuuliza kama kuna chochote kilichobaki kati yao.

"Hakuna, mjomba."

Kaka yangu aliguna. Shangazi alikuwa ameshaanza kuuliza kuhusu mahari. Hapo mama, ambaye tangu kikao kianze hakuwa amefungua kinywa, alisema kitu, si kwa sauti kubwa.

"Uwo mwana ni uwa nde?"

Nilisikia "mwana." Mengine sikuyashika. Lakini nilimwona mchumba wangu. Alimgeukia mama kama mtu aliyeitwa jina la utotoni katikati ya soko, na akajibu kwa lugha ileile, maneno mawili matatu, kabla hajakumbuka yuko wapi. Ndipo akarudi kwenye Kiswahili. "Ni wangu, mama," alisema. "Ni binti yangu."

Mama alikuwa amemuuliza yule mtoto ni wa nani.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa mtu wa kwanza sebuleni kuelewa kilichotokea, na hakuwa akimtazama mgeni. Alikuwa akimtazama dada yake kwa hofu, na kichwa anakitikisa taratibu, kama anamwomba arudishe maneno kinywani.

"Wifi," shangazi alisema, "umesema lugha gani?"

"Lugha ya mama yangu," mama alimjibu.

Mimi nilikua nikijua kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ujiji. Tulimwita Bibi wa Ujiji. Alifariki nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni harufu ya tumbaku ya kunusa na wimbo aliokuwa akiutoa puani akipepeta mchele, bila maneno. Siku ile, mbele ya mtu aliyekuja kunichumbia, nilisikia kwamba bibi hakuzaliwa Ujiji. Alizaliwa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, akaolewa na babu aliyekuwa akifanya biashara ya samaki wakavu, akaletwa Tabora kwa treni. Nyumbani, milango ikifungwa, aliwasemesha watoto wake Kirundi. Milango ikifunguliwa, alikuwa wa Ujiji. Mama alipokuwa msichana, jirani yao mmoja aliitwa ofisi ya uhamiaji kuulizwa asili yake, akarudi, na mwezi haukuisha akahama na watoto wake wote, nyumba akaiacha na sufuria jikoni. Bibi aliwakalisha wanawe na kuwaambia kwamba tangu leo hawaijui lugha hiyo. Wakaacha kuijua.

Ila masikio hayasahau kwa amri. Siku ya kwanza simu ya mgeni ilipolia uani, mama alimsikia akimuuliza mwanamke habari za mtoto na habari za shule, kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa dada yake. Siku zilizofuata alisikia zaidi. Hakuyashika yote, Kirundi chake kilikuwa cha jikoni, na kilikuwa kimelala miaka mingi. Alishika mwanamke, mtoto, shule, nitatuma, nitakuja. Akajumlisha, akapata mke. Lakini angetuambiaje amejuaje?

"Ningesema nimeyasikia," aliniambia baadaye, tukiwa wawili, "ungeniuliza nimeyaelewaje."

Nikakumbuka nilivyomshitaki kuhusu ile ofisi, na jibu lake. Mwanamke huyu alikuwa amezunguka mtaa mzima maisha yake yote asipite mbele ya jengo lile.

Kikao hakikuamua kitu. Mjomba, kwa sauti ya kutaka mambo yaishe, alisema karatasi tumeziona, kilichobaki ni kwenda kuona watu. Mama akasema atakwenda yeye. Sote tulimgeukia, maana kwenda kulitaka pasipoti, na pasipoti ilitaka mtu aandike mama yake alizaliwa wapi. Wakati wa kitambulisho cha taifa mama alikuwa amesema Ujiji. Mjomba naye aliandika Ujiji kwenye chake. Alimvuta mama kando na kumwomba, kama anakwenda kule ofisini, asimtaje. Mjomba mwenyewe alisema mgongo unamsumbua, safari hawezi.

Usiku wa kuamkia kwenda ofisini mama hakulala. Asubuhi nilikuta amepiga pasi nguo zetu zote, hata mashuka. Afisa safari hii alikuwa mwanamume kijana. Mama aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, na kabla hajaulizwa akasema mama yake alizaliwa Usumbura na kwamba kule nyuma alisema Ujiji kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema. Alilitoa lote kwa pumzi moja. Yule kijana alivuta karatasi.

"Baba yako, mama, alizaliwa wapi?"

"Hapahapa. Isevya."

"Na wewe?"

"Hapahapa."

"Basi wewe ni wa hapa. Utaapa kiapo, turekebishe ile taarifa, na wazee wanaomjua baba yako waje kuthibitisha." Akaongeza, nadhani kwa nia njema, "Ulikuwa unaogopa nini miaka yote hii?"

"Baba," mama alimwambia, "ulikuwa hujazaliwa."

Wazee wawili wa msikitini walikuja kumthibitisha babu. Mmoja wao, tulipotoka, alimwambia mama kwamba yeye siku zote alijua bibi ni Mrundi, mtaa mzima ulijua. Mama alimshukuru kwa kuja. Lakini njiani kurudi nilimwona anawatazama watu kwenye vibaraza vya maduka, mmoja baada ya mwingine, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyetua mzigo. Alikuwa anahesabu upya ni nani aliyejua, na kwa nini alinyamaza.

Pasipoti zilipotoka tulipanda basi la Kigoma. Urambo walipanda wanawake wenye vikapu, wakakaa nyuma yetu na kuanza kuongea Kirundi kwa sauti ya chini. Mama aliegemeza kichwa dirishani na kufumba macho. Tulipopita Kaliua nilimnong'oneza, wanasema nini? Bila kufumbua macho akasema wanalalamikia mvua, tumbaku imenyauka. Baada ya kitambo akaongeza kwamba yule wa kulia ana binti anayeolewa, na mkwe hawampendi.

Mchumba wangu alitupokea mpakani. Kwao Buyenzi palikuwa kama Tabora iliyosogezwa karibu na ziwa: milango ileile, kanga zilezile, watu wanatupokea kwa Kiswahili chenye "muzuri" na "karibuni muikale." Mama yake alitukumbatia. Tulikaa tukingoja kile tulichokwenda kukiona, na tusiweze kukiuliza.

Hatukungoja sana. Kesho yake yule mwanamke alikuja mwenyewe, amemshika mtoto mkono. Alikuwa mrefu, mchangamfu, na alinipa mkono kabla sijajua nimpe uso gani. Binti ana macho ya baba yake, hilo halikuhitaji cheti. Mama alisema angependa kuongea naye wawili, wakaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Nilisikia Kirundi cha mama kikienda kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na cha yule mwanamke kikimngoja. Walikaa mno. Mara moja walicheka.

Mama alitoka na kuniambia, "Hana neno naye. Kweli waliachana."

"Na mengine mliyoongea?"

"Mambo ya wanawake."

Mimi nami ni mwanamke, lakini hakuongeza neno. Nimemuuliza mara nyingi tangu siku ile. Sijaambiwa mpaka leo.

Yule mwanamke alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka nje. Mtoto alitangulia kukimbilia wenzake. Mama yake alisema yeye aliondoka kwa sababu ya barabara; alichoka kuolewa na mtu ambaye anamsikia zaidi kuliko anavyomwona. Simu zilikuwa za shule ya mtoto. Kisha alisimama, akanitazama kama mtu anayetoa kitu cha mwisho kilichobaki mfukoni.

"Yeye hasemi uongo," aliniambia. "Ila hasemi."

Tulirudi Tabora, nikapeleka taarifa mpya ofisini, pamoja na maandishi ya talaka yaliyosainiwa na wazee wa msikiti wao na kutafsiriwa na padri yuleyule, ambaye safari hii hakurudia neno lolote. Tangazo la ndoa lilibandikwa ubaoni kwa wiki tatu, ili mwenye pingamizi alilete. Kwa wiki zile tatu nilipita pale kila nilipopata sababu, nitazame nani anasimama kusoma. Hakuna aliyeleta pingamizi. Yule dada mpole wa uhamiaji alitueleza kuhusu kibali, kwamba kitahuishwa kila muda wake ukifika, na kwamba mwanamume mgeni hapati uraia kwa sababu tu ameoa Mtanzania. Nilipomweleza mama hilo, nikidhani litampa utulivu, alifikiri sana. "Sasa anatafuta nini?" aliuliza.

Tulifunga ndoa. Shangazi aliimba mpaka sauti ikakauka, mjomba alikuja na mgongo wake umepona, kaka alichinja. Mimi, nikiwa nimekaa na hina yangu mikononi, badala ya kuinamisha macho kama bibi harusi, nilikuwa nawachungulia watu. Mmoja wao alikuwa amekwenda kwenye ile ofisi. Alikuwa anakula pilau yangu.

Tuna miaka kadhaa sasa. Bado anaendesha, ila kwake ni hapa. Binti yake huja likizo. Maisha si mabaya. Ni mazuri, kama nikisema kweli. Lakini hivi karibuni, tulipokuwa tunajaza fomu za kuhuisha kibali, wazo lilinijia ambalo sikulifikia wakati ule, nilipokuwa nawashuku kaka na mama na mwenye nyumba na padri. Nilikuwa nimewahesabu watu wote waliotaka ndoa ile isifungwe. Sikumhesabu mtu aliyetaka ifungwe lakini akashindwa kusema jambo moja kwanza, mtu ambaye kinywa chake hakifunguki mpaka aulizwe, na ambaye alijua kwamba wako watu ambao kazi yao ni kuuliza.

Niliweka kalamu chini.

"Ni wewe?" nilimwambia. "Yale maneno ofisini, uliyapeleka wewe?"

Alinitazama. Hakuuliza maneno gani, ingawa imepita miaka. Alivuta fomu upande wake, akatafuta mahali pa kutia sahihi, akasema chai yangu inapoa.

Sikumuuliza tena. Ninamtazama tu anavyokunywa yake.